Fadhili za Mungu Wakati wa Baridi

Masomo: Mwanzo 8:20–22, Yohana 21:1–14, Matendo ya Mitume 28:1–10

 

Ni mwezi wa Julai. Hapa Kisumu twasema kwamba huu ni wakati wa baridi. Mgeni kutoka Ulaya akitusikia huenda atacheka, maana usiku kipimajoto chetu hushuka hadi nyuzi 17 hivi tu, na kwao nyuzi 17 ni siku njema ya kukaa nje. Lakini kila mtu aijua baridi ya kwao. Mama anayefika sokoni Kibuye alfajiri amejitanda leso mbili. Kijana wa bodaboda amefunga koti mpaka shingoni. Wazee walalamika magoti, na watoto wachanga wakohoa. Na huko ziwani upepo wavuma, mawimbi yapanda, na wake za wavuvi hawalali vizuri.

Basi swali letu la leo ni hili: je, katika majira haya tusiyoyapenda, twaweza kuuona wema wa Mungu? Ni rahisi kuuona wema wake mvua ya kwanza inaponyesha mwezi wa Machi, au wakati wa mavuno, mahindi yanapojaa ghalani. Lakini katika baridi na upepo je?

Hebu tuanze na neno moja katika Biblia zetu. Mnakumbuka habari za Nuhu. Gharika ilipokwisha, Nuhu alitoka katika safina, akamjengea Mungu madhabahu, naye Mungu akaahidi kwamba maadamu dunia ingalipo, majira yake hayatakoma. Katika orodha ya majira hayo, Biblia za lugha nyingine zataja majira ya joto na majira ya baridi ya nchi zenye theluji. Lakini wale walioitafsiri Biblia yetu ya Kiswahili, ile ya Union iliyokamilika mwaka 1952, walikuwa na kazi. Watawaambiaje watu wa Mombasa, wa Unguja na wa Kisumu habari za majira wasiyoyajua? Wakachagua maneno mawili ya mabaharia wa pwani: kaskazi na kusi. Kaskazi ni upepo wa joto utokao kaskazini, ambao zamani ulileta majahazi kutoka Arabuni. Kusi ni upepo utokao kusini, ambao huanza mwezi wa Aprili na kuvuma kwa nguvu Juni, Julai na Agosti, nao ndio uliorudisha majahazi yale kwao.

Huenda mtu akadhani kwamba watafsiri hao waliweka neno la karibu tu kwa kukosa neno lenyewe. Lakini tukiangalia vizuri, twaona kwamba walisema kweli kuliko tunavyodhani. Maana upepo wa kusi watoka wapi? Miezi hii ambayo sisi twavaa sweta ndiyo majira kamili ya baridi katika nusu ya kusini ya dunia. Huko Lesotho milima hupata theluji. Baharini, kusini mwa Bahari ya Hindi, hewa baridi na nzito hukusanyika, kisha husukumwa kuja huku kwetu penye hewa nyepesi ya joto. Hewa hiyo ndiyo upepo wa kusi. Sehemu yake huvuka bahari na kwenda kuinyeshea India mvua. Sehemu nyingine hupanda bara, hupita nchi ya Tanzania, na kufika katika Ziwa Victoria, ambalo sisi Wajaluo twaliita Nam Lolwe. Kwa hiyo, ndugu zangu, hatuna theluji, lakini upepo unaotikisa mabati yetu ni mtoto wa majira ya baridi ya watu wengine.

Sasa, upepo huo wafanya kazi gani ukifika ziwani? Hapa ndipo tunapotaka mtusikilize kwa makini.

Ziwa letu ni kubwa mno, karibu kilomita za mraba 69,000, lakini halina kina kirefu sana. Mahali penye kina kirefu kuliko pote ni kama mita 80. Hapa kwetu katika Ghuba ya Winam maji ni ya kina kifupi, na upepo huyachafua karibu kila siku. Lakini huko nje, kupita visiwa vya Rusinga na Mfangano, mambo ni tofauti. Tangu mwezi wa Septemba au Oktoba hivi, jua hulipasha joto tabaka la juu la maji. Maji ya joto ni mepesi, nayo hukaa juu kama mafuta yakaavyo juu ya mchuzi. Maji ya chini ni ya baridi zaidi kidogo, na mazito zaidi. Hayo mawili hayachanganyiki.

Jambo hilo lina hatari yake. Hewa ya oksijeni ambayo samaki huivuta huingia majini kutoka juu. Maji ya juu yakiwa kama kifuniko, hewa haifiki chini. Na kila kinachokufa ziwani, majani, wadudu na samaki, huzama na kuoza huko chini, na kule kuoza hula hewa iliyobaki. Mwezi baada ya mwezi vilindi vya ziwa hukosa pumzi. Tena chakula chote cha mimea midogo ya majini kimezama na kulala chini kwenye giza, ambako hakimfai mtu wala samaki.

Ndipo upepo wa kusi unapokuja. Ni upepo mkavu na wa baridi. Hupita juu ya maji na kuyapoza, kama vile mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa kwa kutoa jasho. Maji ya juu hupoa kwa nyuzi chache tu, pengine mbili au tatu. Lakini nyuzi hizo chache zatosha. Maji ya juu yakisha kupoa huwa mazito kama ya chini, kifuniko huondoka, na upepo hulikoroga ziwa kutoka juu hata chini. Hewa hushuka vilindini. Chakula kilichozama hupanda juu kwenye mwanga, mimea midogo hukila, wadudu wadogo huila mimea, omena huwala wadudu, na mbuta humla omena. Wataalamu waliofanya kazi Jinja, Uganda, waliyapima maji hayo mwaka 1960 na 1961, mwezi kwa mwezi, wakaona jinsi ziwa linavyofungwa na kufunguliwa kila mwaka.

Mwaona, ndugu? Ule upepo unaotufanya tufunge madirisha ndio unaolifungulia ziwa dirisha. Samaki tunayemla mwezi wa Desemba, jua likiwaka, amelishwa na baridi ya mwezi wa Julai. Tulipokuwa tukinung'unika, Mungu alikuwa akituandalia meza mahali tusipopaona.

Wala si hapa ziwani tu. Panda mpaka kwa ndugu zetu wa Kericho na Nandi, ambako baridi ya Julai ni baridi kweli. Kiini cha malaria kali hukua ndani ya mbu, nacho chataka joto. Baridi ikifika chini ya nyuzi 18 hivi hushindwa kukua. Ndiyo sababu tangu zamani watu wa milimani waliugua malaria kidogo kuliko sisi wa kando ya ziwa, ingawa joto likizidi ugonjwa huzuka huko pia. Mama wa Kericho anayeilaumu baridi hajui ni vitanda vingapi vya hospitali ambavyo baridi hiyo imeviacha wazi.

Nenda mbali zaidi, huko Kanada au Uswidi, ambako baadhi yenu mna watoto wanaosoma au kufanya kazi. Wakulima wa nchi za baridi hupanda aina ya ngano kabla ya theluji, na ngano hiyo isipopigwa na baridi haitoi masuke vizuri. Na maji yenyewe yamewekewa amri ya ajabu. Karibu kila kitu kikizidi kupoa huzidi kuwa kizito. Maji nayo hufanya hivyo mpaka nyuzi 4 tu. Yakipoa kupita hapo huanza kuwa mepesi tena, na barafu huelea juu. Kama barafu ingezama, maziwa mengi ya huko yangeganda kutoka chini, na samaki wangekwisha. Badala yake barafu hukaa juu kama blanketi, na chini yake samaki huishi hadi joto lirudi. Katika kitabu cha Ayubu Mungu amwuliza Ayubu kama amepata kuingia katika ghala za theluji na za mvua ya mawe. Ni ghala kweli, na Bwana wake ajua kilichomo.

Mpaka hapa, wapenzi wasikilizaji, huenda mwasema, mahubiri haya ni mazuri. Nasi tulidhani hivyo. Kwa hiyo yatupasa tuwaambie yaliyotupata.

Miaka kadhaa iliyopita tulihubiri maneno kama haya katika kanisa dogo la kijiji cha wavuvi. Tulisema kwamba upepo ni mtumishi wa Mungu. Watu waliitikia Amina. Ibada ilipokwisha, tulisimama mlangoni kusalimia watu, akaja mama mmoja, mjane, mwenye leso ya rangi ya samawati. Alitushika mkono wala hakuuachilia. Akasema, "Mchungaji, mtumishi huyo ndiye aliyemchukua mwanangu?"

Hatukujua. Majuma mawili kabla ya siku ile mwanawe alikuwa amekwenda kutega mbuta usiku, upepo ukawageuzia mashua. Wenzake wawili waliogelea. Yeye alipatikana siku ya tatu. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Tulisomea uchungaji chuoni, na tulifundishwa majibu mengi. Siku ile hatukuwa na hata moja. Tulisema tu, "Mama, sijui." Akasema, "Asante kwa kutonidanganya." Akaenda zake.

Ndugu zangu, jambo hilo lilitufundisha kutosema habari za wema wa Mungu kwa wepesi. Ni kweli kwamba kusi hulipa ziwa pumzi. Ni kweli pia kwamba upepo huo huo huzamisha mashua. Inakadiriwa kwamba watu wanaokufa maji katika ziwa hili, kwa nchi zote tatu, hufikia maelfu kila mwaka. Hata kule kuchanganyika kwa maji kwaweza kumpa mtu hasara. Mwezi wa Novemba 2022, samaki wengi waliofugwa katika vizimba karibu na Kisumu walikufa, na wataalamu walisema kwamba maji yalikosa hewa. Mtu aliyekopa pesa kununua vifaranga wa samaki na chakula chao akiwaona wanaelea wamekufa, tusimwendee na somo la sayansi tukidhani tumemfariji.

Tena tukubali kosa letu wenyewe. Taka za miji yetu, mbolea na udongo wa mashamba yetu humiminika ziwani kwa mito ya Nyando, Nzoia na mingineyo. Mimea ya majini huzidi, huoza, na kula hewa nyingi kuliko zamani. Mungu huleta upepo kila mwaka kufungua dirisha, nasi twalifunga kwa uchafu. Tusimlaumu yeye kwa yale ambayo mikono yetu imefanya.

Basi, wema wa Mungu u wapi kwa mama yule? Turudi katika Maandiko, tutazame mioto miwili iliyowashwa na wanadamu kwa sababu ya baridi.

Moto wa kwanza uliwashwa uani kwa Kuhani Mkuu, usiku ule Bwana alipokamatwa. Yohana atuambia kwamba kulikuwa na baridi, na watumishi wakawasha moto wa makaa. Petro alisimama pamoja nao akiota moto, na hapo penye joto ndipo alipomkana Bwana wake mara tatu. Mtu aweza kupata joto la mwili huku moyo wake ukiganda.

Moto wa pili uliwashwa kisiwani Melita. Mtume Paulo alikuwa mfungwa, akipelekwa Rumi katika majira mabaya ya bahari. Tufani iliwapiga siku nyingi, merikebu ikavunjika, na watu 276 wakafika pwani, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. Walikuwa wamelowa, mvua inanyesha, na baridi ni kali. Wenyeji wa kisiwa kile hawakuwajua. Walikuwa watu wa lugha nyingine, na wasiomjua Kristo. Lakini waliwasha moto na kuwakaribisha wote, naye Luka akaona kwamba fadhili hizo hazikuwa za kawaida, akaziandika. Tazameni pia kwamba Paulo mwenyewe, mtume mkubwa, hakuketi kungoja. Alikwenda kuokota kuni.

Luka hakusema kwamba tufani ilikuwa tamu. Hakueleza kwa nini Mungu aliiruhusu. Wema alioandika ulikuwa pwani, katika mikono ya watu waliobeba kuni.

Tulipokwenda kumtembelea mama yule, hicho ndicho tulichokiona. Kwetu Wajaluo, mwanamume akifa huwashwa moto mkubwa uani, uitwao magenga, na watu hukesha hapo. Magogo yalikuwa yameletwa na majirani. Wale vijana wawili waliookoka walikuwapo kila usiku. Akina mama wa kanisa walipika uji kwa zamu. Tuliketi nao, wala hatukusema mengi. Baadaye, matanga yalipokwisha, mama alituambia, "Mchungaji, sijui bado kwa nini. Lakini sikuachwa peke yangu hata usiku mmoja." Na mwaka uliofuata, jirani yake alipofiwa, yeye ndiye aliyefika wa kwanza, na mzigo wa kuni kichwani.

Wapenzi, hilo ndilo tunalotaka mlishike leo. Baridi ina wema wa Mungu ndani yake, uliofichwa vilindini, na twaweza kuushukuru hata tusipouona. Lakini kwa mtu aliyeumizwa na baridi, wema huo hauna budi kufika kwa mikono. Na huenda Mungu ameikusudia mikono yako.

Basi tufanye nini juma hili? Mtazame mzee wa jirani: ana blanketi? Mtoto anayekuja shuleni bila sweta, je, hapana sweta iliyomfupia mwanao? Mtoto mchanga akipumua kwa haraka na kifua kikibonyea, usingoje asubuhi, mpeleke zahanati, maana nimonia haingoji. Nanyi wavuvi, sikilizeni redio inapotangaza onyo la Idara ya Hali ya Hewa kuhusu upepo, na msiingie ziwani bila jaketi la kujiokoa. Kumtegemea Mungu si kumjaribu. Na wewe mwenye mashua, usimpeleke kijana wa mwenzako mahali ambapo usingempeleka wako.

Tumalize na moto wa tatu. Huu haukuwashwa na mwanadamu tu. Baada ya kufufuka, Bwana Yesu alisimama asubuhi na mapema kando ya ziwa, ziwa la wavuvi kama letu. Wanafunzi wake walikuwa wamekesha usiku kucha wakivua bila kupata kitu. Walipofika pwani, wakakuta moto wa makaa umekwisha kuwashwa, na samaki juu yake, na mkate. Petro alikuwapo, yule aliyemkana penye moto wa makaa. Bwana hakuanza kwa kumkemea. Alianza kwa kumkaribisha ale.

Ndugu uliye na baridi moyoni asubuhi hii, kwa msiba, kwa deni, au kwa dhambi unayoijua mwenyewe, Bwana amesimama pwani, na moto umekwisha kuwashwa. Njoo.

Na tuombe. Ee Bwana, Mungu wa kaskazi na wa kusi, twakushukuru kwa majira tunayoyapenda na kwa yale tusiyoyapenda. Uwalinde walio ziwani usiku huu. Uwafariji ambao wao hawakurudi. Utusamehe kwa kuyachafua maji uliyotupa. Tupe mikono iliyo tayari kuokota kuni, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki nyote.